Kashfa ya Nani? Gazeti, Mahakama na Msomaji katika Historia ya Mara

1.0 Utangulizi



Neno kashfa katika Kiswahili lina nyuso mbili. Gazeti likifichua kwamba hakimu amepokea fedha ili aiuze haki, tunasema gazeti hilo limeibua kashfa. Hakimu yuleyule akilipeleka gazeti mahakamani kwa madai kwamba limemvunjia heshima, tunasema amelishtaki kwa kashfa. Neno moja linalitaja ovu lililofichuliwa, na neno hilohilo linalitaja kosa la mfichuaji. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufunua kilichofunikwa. Kiswahili kililipokea neno hili kikaliachia maana zote mbili, na kwa kufanya hivyo kimehifadhi ndani ya msamiati wake ugomvi ambao historia ya magazeti yetu haijaumaliza.

Mhadhara huu unautalii ugomvi huo. Swali letu ni hili: gazeti linapoandika kuhusu ufisadi katika utoaji wa haki, linawajibika kwa nani, na kwa lugha gani? Watafiti wengi wameandika juu ya uhuru wa vyombo vya habari. Ni wachache waliojishughulisha na upande wa pili wa suala hilo, yaani uwajibikaji wa gazeti kwa yule linayedai kumtetea. Aghalabu uwajibikaji umezungumzwa na watawala, na ulipozungumzwa na watawala ulikuwa na maana ya adhabu. Hoja yetu ni kwamba msomaji ndiye mdai wa kwanza wa gazeti, na kwamba historia yetu imempa nafasi finyu mno katika kesi inayomhusu.

Mifano yetu mikuu inatoka katika Mkoa wa Mara, hususan katika nchi inayoanzia Musoma hadi Bunda na Butiama. Tumelichagua eneo hilo kwa sababu mojawapo ya kesi za kashfa zilizo mashuhuri zaidi katika historia ya Tanganyika ilihusu matendo ya mtawala wa Musoma, na mshtakiwa wake alikuwa mwana wa Butiama. Isitoshe, mwenyekiti wa tume iliyochunguza kero ya rushwa nchini mwaka 1996 alikuwa mwana wa Bunda. Ni nadra eneo moja kutoa kwa pamoja tuhuma, mtuhumu na mchunguzi.

2.0 Mara na Kiswahili Chake

Kata ya Buswahili imo katika Wilaya ya Butiama, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Musoma Vijijini. Jina lake lina umbo linalofahamika vizuri kwa mwanaisimu. Kiambishi bu- katika lugha za Kibantu za eneo hilo hufanya kazi inayofanana na ile ya u- katika majina kama vile Unyamwezi na Usambara, yaani hutaja nchi ya watu fulani. Ndivyo tunavyopata Bukwaya, Bujita na Buzanaki. Kwa umbo, basi, Buswahili ni jina la kipwani lililovikwa kiambishi cha kibara.

Eneo linalolizunguka lina lugha nyingi katika ardhi ndogo: Kizanaki, Kikabwa, Kiikizu, Kijita, Kikwaya, Kikuria, Kingoreme na nyinginezo, pamoja na Kijaluo ambacho si cha Kibantu. Katika hali hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na ya shule, na zaidi ya yote kimekuwa lugha ya shauri. Mzanaki na Mjaluo wakigombania ng'ombe au mpaka wa shamba, mahali pa kukutana si lugha ya mmoja wao. Kumbukumbu za shauri lao zitaandikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kwa mkazi wa Mara, Kiswahili kilikuwa lugha ya haki kabla hakijawa lugha ya taifa.

Mfumo wa utoaji haki ambao lugha hiyo iliutumikia wakati wa Waingereza ulikuwa na kasoro ya kimsingi. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliyaweka mabaraza ya machifu nje ya mamlaka ya Mahakama Kuu. Aliyeshindwa katika baraza la chifu alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, kisha kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa Gavana. Bwana Shauri ndiye aliyesimamia kodi, ndiye aliyemsimamia chifu, na ndiye aliyesikiliza malalamiko dhidi ya chifu huyohuyo. Kadhalika, alikuwa na mamlaka ya uhakimu. Mtu mmoja alivaa kofia ya mtawala asubuhi na ya hakimu adhuhuri. Hakukuwa na haja ya kumhonga mtu yeyote ili mfumo huo upinde haki. Upindaji ulikuwa umehalalishwa katika maandishi ya sheria zenyewe. Mfumo huo haukung'olewa hadi Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipoziunganisha mahakama zote, ikaanzisha mahakama za mwanzo na kuwaondolea machifu kazi ya uamuzi.

3.0 Gazeti kama Baraza

Magazeti ya Kiswahili yalianza mikononi mwa wamisionari na watawala. Msimulizi lilitolewa Unguja kuanzia mwaka 1888, na Kiongozi lilichapwa Tanga katika zama za Wajerumani. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililosambaa hadi katika wilaya za mbali. Magazeti haya hayakuanzishwa ili kuihoji serikali. Hata hivyo, yalizaa jambo ambalo wenyewe hawakulikusudia, nalo ni msomaji anayejibu. Kurasa za barua na mashairi ziliwafanya walimu, makarani na wakulima waliojua kusoma wazoee kuona majina yao yamechapwa, wazoee kubishana na wenzao wa wilaya nyingine, na wazoee kumkosoa mhariri pale lugha yake ilipopotoka.

Tukilitazama jambo hili kwa macho ya fasihi na utamaduni, tutaona kwamba msomaji wa Kiswahili alilipokea gazeti kama baraza. Katika baraza msemaji hupingwa papo hapo. Akisema uongo, mwenye kujua husimama. Desturi hiyo ya kumpinga msemaji hadharani ndiyo asili ya uwajibikaji wa gazeti katika lugha yetu, na ilitangulia sheria yoyote ya magazeti tuliyoitunga wenyewe.

Mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu jijini Dar es Salaam, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika na lililosema kwa niaba ya Waafrika. Baadaye, katika miaka ya 1950, palikuwa na Zuhra la Mashado Plantan na Mwafrika, yote yakiwa karibu na harakati za uhuru. Wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Bagdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Katika mazingira hayohayo chama cha TANU kilianza mwaka 1957 kutoa jarida lake la kurudufu, Sauti ya TANU, na mhariri wake akawa rais wa chama, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

4.0 Kesi ya Mwaka 1958

Mwezi Mei mwaka 1958 Sauti ya TANU lilichapisha makala iliyowashutumu mabwana shauri wawili, mmoja wa Musoma na mwingine wa Songea. Kiini cha shutuma kilikuwa upotoshaji wa haki. Makala ilidai kwamba watawala hao walivunja sheria ileile waliyosema wanailinda, kwa kuwaonea watu wasio na hatia na kwa kuwakumbatia waliokuwa tayari kusema uongo mbele ya mahakama, ili TANU isitie mizizi katika wilaya zao. Kwa istilahi ya leo tungesema kwamba jarida lilifichua ufisadi katika mfumo wa sheria.

Serikali ilimshtaki Mwalimu kwa kosa la jinai la kashfa. Alitetewa na mawakili walioongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, yule aliyemtetea Jomo Kenyatta Kapenguria. Umati wa wanachama ulifurika nje ya mahakama Dar es Salaam. Mwezi Agosti alitiwa hatiani, akapewa hiari ya kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda gerezani miezi sita. Faini ililipwa.

Kesi hii husimuliwa mara nyingi kama sura ya kishujaa katika historia ya uhuru, na ilikuwa hivyo. Lakini kwa madhumuni yetu yapo mambo matatu yanayostahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Kwanza, sheria ya kashfa ya jinai haikuuliza tu iwapo habari ilikuwa ya kweli. Chini ya Kanuni ya Adhabu, mwandishi aliyetaka kujitetea kwa ukweli alipaswa kuonyesha pia kwamba uchapishaji wake ulikuwa na manufaa kwa umma. Mzigo wa kuthibitisha ulimwelemea aliyetuhumu. Katika wilaya ambayo mashahidi wake waliishi chini ya mkono wa mtawala anayetuhumiwa, kupata ushahidi kulikuwa sawa na kumwomba mbuzi ashuhudie dhidi ya chui akiwa ndani ya zizi la chui.

Pili, mlalamikaji halisi wa upotoshaji wa haki hakuwa na nafasi katika kesi hiyo. Mkazi wa Musoma ambaye haki yake ilisemekana kupindwa hakuwa mshtaki wala mshtakiwa. Mahakama iliketi Dar es Salaam, mbali na Ziwa Viktoria. Ilichoamua ni iwapo heshima ya watawala iliguswa kinyume cha sheria. Swali la iwapo haki ya raia ilipindwa liliingia mahakamani kama utetezi tu, na lilitoka pamoja na utetezi huo uliposhindwa.

Tatu, na hili halisemwi sana, kesi ilidhihirisha pia hatari ya gazeti linaloandika mambo mazito likiwa na ushahidi mwembamba. Jarida la kurudufu halikuwa na waandishi wa kupeleka Musoma kuhakiki kila taarifa. Lilitegemea ripoti za matawi na barua za wanachama. Hatuna haja ya kuikubali hukumu ya 1958 ili tukubali kwamba tuhuma dhidi ya mtu aliyetajwa inahitaji kuhakikiwa kuliko shutuma dhidi ya mfumo. Anayesahau somo hili humpa mpindaji wa haki silaha anayoitafuta, kwa maana kosa dogo la gazeti hufunika kosa kubwa la mtawala.

5.0 Kutoka Kizimbani hadi Kwenye Leseni

Ingetarajiwa kwamba taifa lililoongozwa na mtu aliyepata kutiwa hatiani kwa kashfa lingeifuta sheria hiyo mapema. Haikuwa hivyo. Mwaka 1968 sheria ya magazeti ilirekebishwa ili kumpa Rais mamlaka ya kulifungia gazeti kwa manufaa ya umma. Mwaka 1976 ilipitishwa Sheria ya Magazeti, ambayo iliyakusanya pamoja makosa ya uchochezi na kashfa ya jinai, yakiwa na sura ileile yaliyokuwa nayo katika Kanuni ya Adhabu ya kikoloni, na ikampa waziri mamlaka ya kusimamisha gazeti. Kilichokuwa kesi ya hadhara mwaka 1958, yenye wakili, shahidi na hukumu iliyosomwa, sasa kiliweza kuwa tangazo la serikali la ukurasa mmoja.

Si haki kuyasema haya bila kutaja muktadha wake. Mwaka 1970 gazeti la The Standard lilipotaifishwa, Mwalimu alilipa mwongozo uliolitaka liwe huru kuikosoa serikali. Aliamini kwamba gazeti la ujamaa litawajibika kwa wakulima na wafanyakazi na wala si kwa mwenye mtaji. Kusudi hilo lilikuwa la heshima. Udhaifu wake ulikuwa katika swali la nani atakayesema kwa niaba ya wakulima hao gazeti linapowakosea. Jibu la wakati huo lilikuwa chama, na chama kilikuwa pia mwenye gazeti.

Wakati huohuo serikali ilifanya jambo jingine ambalo matokeo yake ya muda mrefu yalikuwa makubwa kuliko sheria zote hizo. Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililoharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Kampeni za kisomo cha watu wazima zilikuwa zikiendelea nchi nzima. Mwaka huohuo lilianzishwa Mwanza gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, lililokusudiwa kwa wasomaji wapya wa kanda ya ziwa, Mara ikiwamo. Kwa lugha nyingine, dola iliyopunguza sauti ya gazeti ndiyo iliyoongeza macho ya wasomaji. Mkulima wa Buswahili aliyejifunza kusoma ili aelewe maelekezo ya kilimo cha pamba alipata pia uwezo wa kusoma hati ya wito wa mahakama, na wa kutambua iwapo gazeti limeisimulia kesi ya jirani yake kama ilivyokuwa.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, ukiwamo uhuru wa mawazo katika ibara ya 18. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoteuliwa mwaka 1991 kuchunguza mfumo wa vyama, ilizitaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na Sheria ya Magazeti ilikuwa miongoni mwake. Hata hivyo sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2016.

6.0 Rushwa Yapata Majina

Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa alimteua Jaji Joseph Sinde Warioba kuongoza tume ya kuchunguza kero ya rushwa. Ripoti yake, iliyotolewa mwaka huohuo, iliitaja mahakama pamoja na polisi miongoni mwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida alikumbana na rushwa mara kwa mara. Ripoti ilitofautisha rushwa ya mtumishi mwenye kipato kisichotosha na rushwa ya mwenye uroho wa mali. Kwa mwanahistoria wa habari, umuhimu wa ripoti hiyo ni kwamba mambo ambayo gazeti lingeyaandika likashtakiwa sasa yaliandikwa na tume ya Rais. Tuhuma ilipata mhuri.

Lakini mhuri haukuimaliza kazi ya maneno. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya rushwa: hongo, mlungula, chai, kitu kidogo, mshiko. Mengi kati yake ni tasfida. Karani wa mahakama anayeomba chai haombi rushwa masikioni mwake mwenyewe. Mwaka 2000 tasfida moja ilipanda hadi bungeni. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa kimila kutoka kwa mgombea kwa wapiga kura. Hapa ndipo tunapokutana na rushwa halali kwa maana kamili ya maneno hayo. Asasi za haki za binadamu zilifungua shauri, na mwezi Aprili mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya takrima vinakwenda kinyume cha Katiba.

Gazeti lililoandika kati ya mwaka 2000 na 2006 kwamba mgombea alitoa takrima liliandika sahihi kisheria. Je, liliandika kweli? Msomaji aliyeona pishi ya unga ikigawiwa siku mbili kabla ya kura alikuwa na jibu lake, na hakuhitaji kamusi. Mfano huu unatufundisha kwamba gazeti haliwajibiki kwa sheria tu. Linawajibika pia kwa maana za maneno kama jamii inavyozijua. Likiazima neno la mwenye madaraka bila kulihoji, limeshiriki katika kulitakasa.

Kipindi hichohicho wanahabari wenyewe walijaribu njia ya tatu, isiyo ya kizimba wala ya leseni. Baraza la Habari Tanzania liliundwa mwaka 1995 kama chombo cha hiari, lenye kanuni za maadili na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wasomaji na kuyasuluhisha. Kwa mara ya kwanza mtu aliyeandikwa vibaya aliweza kudai sahihisho au radhi bila kulipa ada ya wakili na bila kumtaka mwandishi afungwe. Udhaifu wa njia hiyo ni umbali. Wakazi wengi wa vijijini hawajui kwamba chombo hicho kipo, na gazeti lililowakosea halina desturi ya kuwaambia.

7.0 Sarufi ya Tuhuma

Tukija sasa kwenye lugha yenyewe ya habari za mahakama, tunaona kwamba uwajibikaji au ukosefu wake huanzia katika kitenzi. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda njeo ya -a-: hakimu anaswa, karani afikishwa kizimbani, mzee wa baraza atimuliwa. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili cha Tanzania bara njeo hii imefifia, lakini katika vichwa vya habari imestawi. Sifa yake ni kwamba haifungamani na wakati mahususi. Haisemi kama tendo limekwisha, linaendelea au limethibitishwa. Kitenzi kunaswa kinaongeza jambo jingine, kwani anayenaswa ni windo, na windo halina utetezi.

Chini ya kichwa hicho mwili wa habari hubadilisha sauti. Huko twakutana na inadaiwa, inasemekana, imeelezwa. Kauli ya kutendwa inamwondoa mtenda. Nani anadai? Polisi, mpinzani wa kisiasa, mdai aliyeshindwa kesi? Mwandishi hutumia vitenzi hivyo kama kinga dhidi ya kashfa ya kisheria, na wakati huohuo vinamnyima msomaji uwezo wa kupima uzito wa chanzo. Kwa hiyo kichwa kinahukumu, na mwili unajivua. Msomaji anayesoma kichwa peke yake, na hao ndio wengi, huondoka na hukumu.

Hali kadhalika, kuna mkanganyo wa majina. Mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa na mfungwa ni hatua nne tofauti katika safari ya kisheria. Magazeti mengi huyatumia matatu ya kwanza kana kwamba ni visawe. Kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo anayetuhumiwa kupokea hongo, tofauti kati ya kutuhumiwa na kushtakiwa ni tofauti kati ya uvumi na hati. Kwa mkulima aliyempelekea tuhuma hizo mwandishi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo atachukuliwa kama shahidi au kama mzushi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, si la sarufi. Ni la ukimya. Habari ya kufikishwa mahakamani hupewa ukurasa wa mbele, nayo habari ya kuachiwa huru, miaka miwili baadaye, haiandikwi kabisa. Vivyo hivyo hakimu anayefikishwa mahakamani hufuatiliwa siku ya kwanza, na kesi yake ikifutwa kwa kukosa mashahidi hakuna anayeuliza mashahidi walikwenda wapi. Ukimya wa aina hiyo unamwonea asiye na hatia na unamlinda mwenye hatia kwa pamoja. Sheria ya kashfa haiwezi kuuadhibu, kwa sababu hakuna sentensi ya kushtakiwa. Ni msomaji mwenye kumbukumbu tu anayeweza kuudai.

Lazima tuongeze kwamba mwandishi wa mkoani aghalabu hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na hujilipia nauli. Kumfuatilia hakimu kutoka Musoma hadi mahakama ya rufaa kunagharimu kuliko malipo ya habari yenyewe. Pengo hilo hujazwa na bahasha ya yule anayetaka habari iandikwe, au isiandikwe. Gazeti linalokemea rushwa mahakamani huku likimwacha mwandishi wake aishi kwa bahasha linalima shamba la jirani na la kwake limejaa magugu.

8.0 Hukumu kwa Lugha ya Nani?

Msomaji hawezi kulihakiki gazeti bila kukifikia kile ambacho gazeti linadai kukiripoti. Hapa historia ya lugha ya mahakama inakuwa na uzito wa pekee. Baada ya uhuru, Kiswahili kilikuwa lugha ya mahakama za mwanzo, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shauri lililoanza kwa Kiswahili Butiama lilibadilisha lugha kadiri lilivyopanda. Kwa miaka mingi lilibadilisha pia mahali, kwa maana rufaa za Mara zilisikilizwa Mwanza kabla ya Mahakama Kuu kuwa na kanda yake Musoma.

Katika hali hiyo gazeti la Kiswahili lilikuwa na nafasi ya mkalimani. Lilimwambia mdai wa Buswahili nini kimeamuliwa katika kesi yake mwenyewe. Mkalimani asiyeweza kukaguliwa ana madaraka makubwa, na madaraka yasiyokaguliwa, hata yakiwa ya gazeti dogo, huzaa uzembe kwanza na upotovu baadaye. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya mahakama, pamoja na nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji hivyo. Watu wengi waliyapokea mabadiliko hayo kama ushindi wa utaifa. Kwa mtazamo wa mhadhara huu yana maana nyingine pia. Hukumu iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kuwekwa juu ya meza pamoja na gazeti, na mkulima akavisoma vyote viwili.

Upande wa sheria za habari umekwenda kwa hatua za kupishana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliifuta ile ya 1976, lakini ikabakisha kashfa ya jinai na uchochezi. Mwezi Machi mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo. Miaka 65 ilikuwa imepita tangu Mwalimu asimame kizimbani.

9.0 Hitimisho

Tumeona njia tatu ambazo gazeti limewajibishwa kwa yale liliyoyaandika kuhusu upotoshaji wa haki. Njia ya kizimba ililiwajibisha kwa heshima ya mtawala. Njia ya leseni ililiwajibisha kwa utulivu wa dola. Njia ya baraza la maadili imejaribu kuliwajibisha kwa mtu aliyeandikwa. Zote tatu zina mahali pake, na ya tatu ina ubora wake. Lakini hakuna hata moja iliyomweka mbele yule ambaye haki yake ilipindwa, akasoma habari yake ikiwa imeandikwa nusu, au ikiwa haikuandikwa kabisa.

Kazi ya kumweka mbele mtu huyo haiwezi kuachiwa wanasheria peke yao. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wao. Wanaweza kukusanya habari za mahakama za wilaya moja kwa miaka kumi na kuzilinganisha na hukumu zenyewe. Wanaweza kuonyesha ni tuhuma ngapi zilifuatiliwa hadi mwisho na ngapi ziliachwa njiani, ni mara ngapi mtenda alifichwa na kauli ya kutendwa, na ni neno gani la tasfida lilihama kutoka kinywani mwa karani hadi kwenye ukurasa wa gazeti bila alama za kunukuu. Wanaweza kuwasaidia wahariri kupanga istilahi nne za safari ya mshtakiwa ili kila moja ibaki mahali pake. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji mitambo. Unahitaji uvumilivu, na matokeo yake yarudishwe kwa wakazi wa eneo lililochunguzwa, kwa lugha wanayoisoma.

Maana zote mbili za kashfa zitaendelea kuwapo katika kamusi zetu, na ni vyema zibaki. Zinamkumbusha mwandishi kwamba kalamu inayomfunua mwingine humfunua na yeye. Mwenye kuamua ni kashfa ipi iliyotendeka, ya hakimu au ya gazeti, awe ni msomaji mwenye hukumu mkononi na gazeti mbele yake. Huko ndiko Kiswahili kilikoanzia kazi yake katika mabaraza ya Mara, kikiwa lugha ambayo wagomvi wawili wa makabila tofauti waliweza kusikilizana na kila mmoja akaweza kumwambia msemaji: hapo umesema kweli, na hapo hukusema.